Korongo linakula kiwanja changu Dodoma: nijenge ukuta au niuze?

Mama Wawili:
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri mapema, maana kwetu Dodoma Desemba ikishafika hakuna fundi anayesogea korongoni.

Nilinunua kiwanja upande wa Mkonze mwaka 2019, kwa makaratasi ya mtaa. Nyuma kulikuwa na kijimfereji chenye majani, mtoto anakiruka. Leo nikisimama ndani yake kichwa hakionekani. Msimu uliopita nilichomeka nondo ukingoni, hatua kumi na moja kutoka choo cha nje. Kufika Aprili nondo imeshaanguka, zimebaki hatua nne. Udongo umekatika wima na mizizi ya mgunga inaning'inia hewani.

Fundi anataka kujenga ukuta wa mawe upande wangu wote, na bei yake ni karibu sawa na kuezeka nyumba upya. Baba mdogo anasema niuze kiangazi hiki, mnunuzi asijue. Hilo roho yangu imekataa, nitamuuziaje mtu mwenye watoto kama mimi? Nifanyeje?

Dereva wa Tipa:
Pole dada. Jaza vifusi na matairi, tripu kumi tu linaziba.

Mpima Mstaafu:
Hapana ndugu yangu. Vifusi vitaondoka na mvua ya kwanza kubwa na kwenda kuziba kalavati huko chini.

Dada, usiangalie nyuma ya nyumba yako tu. Panda juu, mlimani. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu nusu ya Dar es Salaam, ila humwagika kwa kishindo katika siku chache. Zamani udongo na majani vilikunywa sehemu ya maji hayo. Sasa kuna mabati, pevingi na barabara. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 40 juu ya paa la mita 120 za mraba ni lita 4,800. Nyumba thelathini ni lita 144,000, zote zinakimbilia korongo lenu ndani ya saa moja au mbili.

Ndiyo maana ukuta peke yake sikushauri. Maji yatauchimba chini ya msingi, au yatapiga upande wa pili kwa jirani. Kinachotakiwa ni kuyapunguza kasi: vizuizi vifupi vya mawe vinavyokatisha korongo, katikati viwe chini kuliko pembeni, vizikwe vizuri kwenye kitako na kingo. Ukingoni otesheni makonge au majani ya vetiva, yenye mizizi mirefu. Choo kisogeze mwaka huu huu.

Kabla ya kutoa hata shilingi, nenda idara ya mipango miji ya jiji ukaone mchoro wa eneo lako. Tangu CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, ilipovunjwa mwaka 2017 kazi hiyo iko halmashauri. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na jiji linaweza kutenga hifadhi ya korongo. Ukikuta nyumba imo ndani ya hifadhi, usizike pesa nyingine pale. Inauma, lakini heri ujue leo.

Binti Kondoa:
Nathibitisha hayo ya mawe na majani. Kwetu mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye milima iliyochakaa. Wazee walilalamika sana, ng'ombe ndio benki yao. Lakini majani yalirudi, na mito ya mchanga ikapungua upana. Mama Wawili, kuna malori yanachota mchanga humo?

Mzee wa Zabibu:
Mbukwenyi! Jina la mji wetu limetoka kwenye neno la Kigogo *Idodomya*, yaani limedidimia. Wazee wanasimulia tembo aliyekwenda kunywa maji akazama kwenye tope. Watu waliojua udongo huu hawakujenga mkondoni. Mjukuu wangu, fanya haraka.

Mama Wawili:
Shikamoo babu, na asanteni wote. Jana nimepanda mpaka juu. Nimehesabu nyumba 31, zenye gata na simtanki ni tano tu. Kuna uwanja mzima wa pevingi, bomba lake linamwaga moja kwa moja korongoni. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, nikamwonyesha picha ya choo changu. Kumbe hakujua maji yake yanafika wapi, akasema atachimba shimo la kuyapokea. Malori yapo pia, alfajiri, na mwenyekiti wa mtaa ameitisha kikao Jumamosi. Jumatatu nakwenda jiji kuangalia mchoro.

Mpima, tukiruhusiwa, vizuizi viachane hatua ngapi?

Mpima Mstaafu:
Msipime kwa hatua. Kilele cha kizuizi cha chini kilingane na kitako cha kile cha juu yake. Tumieni mpira wa maji wa mafundi, mtu mmoja kila ncha. Palipo na mteremko mkali vitakaribiana, palipo tambarare vitaachana. Na anzeni juu kabisa, kwa yule mama wa pevingi.