Naomba ushauri: mmoja ana miaka 4, mwengine miezi 14, niwawekee nini kwenye TV?

Umm_Tudor
Assalam aleikum na habari za jioni nyote. Mkubwa ana miaka 4, atoka chekechea saa 7 mchana. Mdogo ana miezi 14. Mimi narudi saa 11, mpaka hapo wako na dada wa kazi. TV ni ya Android, inchi 32, iko sebuleni. Mkubwa awekewa katuni ya herufi kwenye YouTube, jioni namkuta yuko kwenye watu wafungua mayai ya plastiki wakipiga makelele kwa Kiingereza, na aliyembadilishia hayupo. Akizimiwa ni vita. TV siwezi kuifungia kabatini, bibi yao ana tamthilia zake. Naulizia mambo matatu: kipi chafaa umri huu, nafunga vipi asihame, na mdogo nimfanyeje? Baba yao yuko Qatar, apiga simu ya video kila usiku. Hiyo nayo yahesabiwa?

MwalimuNasari
Waaleikum salaam Umm. Nianze na mdogo, jibu lake ni fupi: asiwekewe kitu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 wasema mtoto wa chini ya mwaka 1 asitazamishwe kabisa, wa mwaka 1 pia haishauriwi, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ni bora. Simu ya baba usiihofu. Madaktari wa watoto wa Marekani waliposhauri wa chini ya miezi 18 wasitazame skrini, simu ya video waliiacha nje. Baba amwita mtoto kwa jina, mtoto acheka, baba ajibu. Katuni haimjibu mtu.

Sasa mkubwa. Hao wa mayai ya plastiki ni matangazo ya biashara yaliyovaa nguo za katuni. Tena usidanganyike na alama ya kuwa video ni ya watoto. YouTube ilianza kuitumia Januari 2020 kwa ajili ya sheria ya faragha ya Marekani, na mwenye video ndiye ajiwekea mwenyewe. Yakwambia ni ya nani, haikwambii kama ni nzuri.

Kabla ya kuikubali katuni, itazame dakika 2 bila sauti. Picha ikiruka kila sekunde mbili tatu, iache: mtoto wa miaka 4 afuata mwendo tu, habari hashiki. Kisha fungua sauti. Msemaji awe mmoja kwa wakati, maneno yasikike juu ya muziki, na pawe na kimya kidogo baada ya swali ili mtoto apate kujibu. Muhimu zaidi, kisa kiwe na mwisho. Mkusanyiko wa saa 2 wa nyimbo zilizounganishwa, hata nyimbo zikiwa nzuri, hauna pa kukatia, na hapo ndipo vita vyako vyazaliwa. Kipimo cha mwisho ni chakula cha jioni: muulize nani alipoteza nini na alikipata wapi. Akieleza, kipindi kimemfaa. Akiimba kibwagizo tu, kilikuwa kelele.

Kwa Kiswahili, tafuta Akili and Me ya Ubongo, kutoka Tanzania. Imetengenezewa miaka 3 hadi 6. Ubongo Kids ni ya wakubwa zaidi, ina hesabu na sayansi, kwa hivyo usimharakishe. Hapa kwetu Kenya kuna stesheni ya TV ya Akili Kids!, ilianza 2020 na haina malipo, yashikwa na king'amuzi. Kiswahili cha Tanzania hakimdhuru mtoto wa Tudor, ila usishangae akianza kuita TV "runinga".

Fundi_MwembeTayari
Dada Umm, aliyembadilishia ni YouTube yenyewe. Video ikiisha, nyengine yaanza. Kazi yako ni kumnyang'anya YouTube uchaguzi.

Weka YouTube Kids kwenye simu, uingie kwa akaunti yako ya Google. Usipoingia, sehemu ya kuidhinisha video moja moja hutaipata, na wengi wakwama hapo. Tengeneza wasifu wa mtoto. Utaulizwa umri: kuna wa miaka 4 kushuka, wa 5 hadi 8, na wa 9 hadi 12. Usichague hata mmoja, chagua ile ya mzazi kuidhinisha mwenyewe. Tafuta video, gusa alama ya kujumlisha, basi. Mtoto hataona chengine chochote, na sehemu ya kutafuta hana.

Makosa niyaonayo sana ni mawili. La kwanza ni kuidhinisha chaneli nzima badala ya video. Chaneli ikipakia jipya kesho, nalo laingia bila wewe kulitazama. La pili ni ile kufuli ya wazazi kubaki na swali la kuzidisha. Wa miaka 4 hataliweza, lakini binamu wa miaka 10 akija likizo atalijibu kabla hujageuka. Badilisha uweke nambari yako ya siri. Humo humo zima kucheza mfululizo, na weka kipima muda. Dakika zikiisha programu yajifunga yenyewe, lawama zaenda kwa simu.

Usiiache YouTube ya kawaida kwenye TV hiyo hiyo. Mtoto aijua ile nyekundu hata kama hajui kusoma.

BinKisauni
Nampinga fundi kidogo. Mtoto akiachwa na dada wa kazi, intaneti ya nini? Tumia flashi.

GB 16 yatosha na zaidi. Tia vipindi 3 tu vya dakika 10 hivi, ubadilishe kila Jumapili. Majina yaanze na 01, 02, 03, kwa sababu TV nyingi zapanga kwa jina la faili. Faili ziwe MP4. Flashi ikiwa imeformatiwa kwa mpangilio wa faili uitwao FAT32, faili moja haiwezi kuzidi GB 4, lakini katuni ya dakika 10 haifiki popote karibu na hapo. Picha ikija bila sauti, usikimbilie kumlaumu spika: sauti ya faili ni ya aina ambayo TV haiisomi, DTS mara nyingi. Igeuze kuwa sauti ya aina ya AAC kwa kompyuta.

Kisha ingia kwenye menyu ya kichezeshi cha TV uzime kurudiarudia. Watu wasahau hili, halafu walalamika flashi haina mwisho. Ukizima, cha tatu kikiisha skrini yarudi kwenye orodha ya faili, kijivu, hakuna kinachomwita mtoto. Dada wa kazi achomoa flashi, mambo yamekwisha. Nusu saa, na bando halijaguswa.

Ukijaziwa flashi kwenye duka la muvi, tazama kila faili mwanzo mpaka mwisho. Kwao chochote kilichochorwa ni cha watoto. Kuna katuni za watu wazima, zina damu na matusi. Na kuna zile za wahusika mashuhuri walioigwa wakifanya mambo ya kutisha. 2017 dunia nzima ilizilalamikia kwenye YouTube, na nakala zao zazunguka bado.

Shangazi_Likoni
Mwazungumza flashi na bibi hamumtaji. Tamthilia ikiwaka sebuleni, mdogo yuko hapo hapo kwenye mkeka, hata kama hatazami. TV inayowaka pembeni yapunguza maneno ambayo mtu mzima amwambia mtoto, na miezi 14 ndio wakati wa maneno. Mbadilishieni bibi saa, mumpe ile ambayo mdogo amelala mchana.

Tena msitegemee ile sheria ya Kenya ya kuwa kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku stesheni zionyeshe vya kutazamwa na wote. Ni ya stesheni za TV na redio, YouTube haimo. Na kinachofaa wote si lazima kimfae wa miaka 4: mtu akilia kwa kuachwa na mumewe, mtoto ataulizia usiku kucha.

Umm_Tudor
Shukran sana. Flashi nimeipenda. Lakini kwenye TV nikitafuta YouTube Kids haiko kabisa. Na akizimiwa bado ataka zaidi, hata kipindi kiwe kimekwisha?

Fundi_MwembeTayari
Programu ya YouTube Kids ya TV iliondolewa 2024, ndiyo maana huioni. Usipakue faili ya programu kutoka tovuti za pembeni. Toa akaunti yako kwenye YouTube ya TV, funga programu kwa nambari ya siri kama menyu ina kufuli, au sahaulisha Wi-Fi mchana na ubaki na flashi. Ukimpa simu siku moja moja, washa kubandika programu kwenye Mipangilio, sehemu ya usalama, na uweke iombe PIN ya kubandua. Hataweza kutoka kwenda WhatsApp yako ya kazi.

MwalimuNasari
Kuhusu kilio: usimzimie katikati. Kabla ya kuwasha, mwambie ni vipindi vitatu, mpe vijiti vitatu, kila kimoja kikiisha atie kijiti kimoja kwenye kikombe. Dakika haijui, vijiti avijua. Cha tatu kikiingia, mwache abonyeze kuzima yeye mwenyewe, na kinachofuata kiwe tayari mezani: embe lililokatwa, au beseni la maji uani. Siku tatu nne za mwanzo atalia hata hivyo. Dada wa kazi asimwongeze kimoja "cha mwisho", hata siku moja, maana atajifunza kuwa kilio ni kijiti cha nne. Na muda uwe wa mchana, saa 9 hivi. Skrini izimwe angalau saa nzima kabla ya kulala.

BinKisauni
Flashi ikichomolewa, ikae juu ya kabati. Ni ndogo, na mdogo wa miezi 14 kila kitu chaenda mdomoni.