Rais kumng'oa waziri mkuu: haki yake au anajitwika?

Jana pale kijiweni Jaws Corner, Mji Mkongwe, mzee mmoja kasema nchi zenye waziri mkuu zingepumua kama rais angekuwa na rungu la kuivunja serikali ikiharibu, watu wakaitikia, mie nikanyamaza kwa heshima ya mzee ila sikubali yakhe, basi namjibu hapa.

Tazameni Pakistan. 1985 Jenerali Zia ul-Haq kachomeka kwenye katiba kifungu cha 58(2)(b), rais anavunja bunge na serikali inakwenda nayo. 1988 Zia mwenyewe, ndiye rais, kamtoa waziri mkuu Junejo, 1990 rais Ghulam Ishaq Khan kamtoa waziri mkuu Benazir Bhutto, 1993 huyohuyo kamtoa Nawaz Sharif, 1996 rais Farooq Leghari kamtoa tena Benazir, na Leghari ni mtu wa chama chake Benazir! Kila mara rushwa, rushwa, na sisemi haikuwepo, ila anayeshtaki na anayehukumu ni mmoja. Sharif mahakama ilimrudisha, miezi miwili hakufika kajiuzulu pamoja na huyo rais aliyemtoa. Kifungu kikafutwa 1997, kikarudi enzi za Jenerali Musharraf, kikafutwa tena 2010.

India 1999 chama mshirika kimoja kikajitoa serikalini, rais Narayanan hakumfukuza waziri mkuu Vajpayee, kamwambia nenda bungeni ukaonyeshe bado unao watu. 269 kwa 270, kaanguka kwa kura moja. Hapo sina neno.

Haya semeni, nani anapinga?

Mchangiaji, Wete: Sheikh, kura moja wewe unaiona demokrasia mie naiona biashara, mbunge hununuliwa bei ya samaki wa jioni. Na bunge likijaa chama kimoja nani atampigia kura mkubwa wake? Katiba ya Muungano inaruhusu Bunge kumpigia waziri mkuu kura ya kutokuwa na imani, hebu nitajie lini imepita!

Mleta mada: Haijapita, kweli. Lakini 2008 Lowassa kaondokaje? Si rais aliyeamka asubuhi akamvunjia serikali, ni kamati teule ya Bunge ilichimba mkataba wa umeme wa Richmond, ripoti ikasomwa hadharani, mwenyewe kajiuzulu na baraza zima la mawaziri likavunjika. Na Bunge lenyewe lilikuwa limejaa CCM tele, kwa hiyo hiyo hoja yako ya chama kimoja itie maji kidogo.

Mchangiaji, Wete: Mara moja tu hiyo, nipe ya pili.