Mrejesho: Mmea wa kutambaa unaochanua kivulini

Ndugu zangu, niliuliza hapa ni mmea gani wa kutambaa unaoweza kuchanua katika ua wangu wa nyuma, Sinza, ambao umefunikwa na mwembe upande mmoja na ghorofa la jirani upande wa pili, kiasi kwamba jua huingia asubuhi tu. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kupanda Clerodendrum thomsoniae, mmea wenye asili ya Afrika Magharibi, nikauotesha mwanzoni mwa masika katika shimo lililochanganywa samadi iliyooza vizuri, kwa kuwa udongo wa kwangu ni mchanga mtupu. Sasa umepanda waya hadi juu ya ukuta, na vishada vyake vinapendeza mno: vifuko vyeupe, na katika ncha ya kila kimoja ua dogo jekundu linachungulia. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo aliyenihimiza kuupogoa kila maua yanapokwisha alinifaa sana.

Asumini niliyoshauriwa kuipanda chini ya mwembe imejaa majani, lakini maua ni ya kuhesabika, hata baada ya kupunguza matawi ya chini ya mwembe huo. Nimeihamishia mbele, penye jua, na bado naisubiri. Bogenvilia sikuijaribu, kwani inahitaji jua la kutwa.

Mwenye ua kama huu aanze na Clerodendrum, aimwagilie mara kwa mara wakati wa kiangazi, ila asiache maji yatuame kwenye mizizi.