Tupeane uzoefu: wimbo umewahi kukufunza lugha, au umewahi kukupotosha?

Mwanzishaji mada, Langoni, Lamu

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwafundisha wageni Kiswahili barazani kwetu baada ya sala ya alasiri, na kwa muda mrefu nilidhani kwamba wimbo ni wa kuchangamsha darasa tu, mpaka nilipompata mzee mmoja Mjerumani ambaye neno "mtoto" lilimshinda kabisa. Mara alisema "mutoto", mara "umtoto", na kila nilipomsahihisha alizidi kujikaza. Siku moja niliacha kumweleza, nikaimba ubeti wa utenzi taratibu huku nikipiga kofi moja kwa kila mizani, yaani silabi.

Wanaojua ushairi wanafahamu kwamba kila kipande cha utenzi kina mizani 8, na kwamba "m" ya "mtoto" huhesabiwa kuwa mizani kamili, ilhali "mb" ya "mboga" huungana na irabu inayoifuata. Kwa hiyo "mtoto" ni makofi matatu na "mboga" ni mawili. Mzee alifumba macho, akapiga makofi, na kwenye kofi la kwanza midomo yake ikafumbana bila kutafuta irabu ya kuegemea. Wiki ile ile "mtu", "mke" na "nchi" zilimtoka bila taabu.

Nisimulieni yaliyowafika, mazuri na mabaya, kwani sipendi tusifie nyimbo kwa mazoea tu.

Mama wa Shela

Mwalimu, langu ni la nyumbani. Mimi husema "kitwa", "ndia" na "moya" kama nilivyolelewa, na wanangu wakirudi shuleni husema "kichwa", "njia" na "moja", kisha hunicheka. Sikuwagombeza. Bibi yao ndiye anayewalaza, na nyimbo zake za kubembeleza ni za Kiamu kitupu, lahaja yetu ya Lamu. Juzi nilimsikia binti yangu wa miaka 6 akimwimbia mwanasesere wake. Alipofika penye "kitwa" akasema "kichwa", akaendelea hadi mstari uliofuata, ambao huishia kwa "kutwa", akasita, akarudi nyuma na kulitengeneza neno mwenyewe. Hakuna aliyemfunza vina, sikio lilikataa. Asubuhi yake aliniambia kichwa kinamuuma, kwa "ch" ya shuleni. Nimeridhika hivyo hivyo, awe nazo zote mbili.

Fundi wa Matondoni

Langu ni fupi. Nilitoka bara nikiwa kijana kuja kujifunza useremala wa majahazi, na maneno "henza" (kamba ya kutwekea tanga) na "foromali" (mti unaofungwa tanga) niliyajua kwa kutweka tanga kabla sijayaona yameandikwa popote. Mmoja huongoza wimbo na wengine huitikia, na kamba huvutwa kwenye itikio. Anayevuta mapema huwa anaivuta foromali peke yake, nayo si nyepesi, kwa hiyo nililazimika kuwasikiliza watu mpaka mwisho wa sentensi.

Mwalimu wa Malindi

Mimi nitakuwa mkaidi kidogo. Nilipokuwa darasa la kwanza tuliimba herufi za Kiingereza kila asubuhi kwa sauti kubwa, na mwalimu alipotaka niandike herufi inayofuata K, nilichora duara lenye mkia mrefu, kwa sababu niliamini kwamba "elemenopii" ni herufi moja. Kasida za Kiarabu nazo nilizihifadhi utotoni, kila Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, zikipigiwa matari, lakini maana yake niliipata nikiwa mtu mzima, pale aliponikalisha mwalimu mmoja akanifasiria neno moja moja pasipo tari wala sauti. Haiba ya kasida haikupungua. Hata hivyo, miaka ile yote sikuwa nikijifunza Kiarabu. Ni kama wazee wetu waliozipenda nyimbo za filamu za Kihindi bila kujua lugha yake, ingawa Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu wa Mombasa, alizichukua tuni hizo akazitilia maneno ya Kiswahili, na hapo ndipo watu walipolia kwa kuelewa.

Tatizo jingine ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, lakini mwimbaji wa taarabu huivuta silabi ya mwisho apendavyo. Mwanafunzi wangu Mtaliano alijifunza kwa kusikiliza kanda, akaenda sokoni kutaka "samakiii", na muuzaji akamuuliza analalamikia nini. Siku hizi tukishaimba mstari, tunausema papo hapo kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chai, kabla ya kuendelea na mstari wa pili.

Mwanzishaji mada

Mwalimu wa Malindi, la mkazo nimelikubali, na sasa naelewa kwa nini yule mzee hutusalimia kama anayeadhini. Nitaanza kuwataka waseme baada ya makofi. Nawe mama wa Shela, tafadhali niombee ruhusa kwa bibi nije na daftari niyaandike maneno ya nyimbo zake.

Mama wa Shela

Amekubali, karibu. Ila uandike mbiombio, maana nilipomwomba anitajie maneno bila kuimba, alifika mstari wa pili akasahau, ikabidi aanze upya kwa sauti.