Simu iliyoingia maji huweza kudumu kwa muda gani? Naomba ushauri

Mpole wa Temeke: Habari zenu, ndugu zangu. Simu yangu iliingia maji mwishoni mwa wiki iliyopita. Niliifuta na kuifukia kwenye mchele usiku kucha, na sasa inapiga na kupokea, ila spika inakwaruza. Nahitaji kujua jambo moja tu: simu ya namna hii hudumu kwa muda gani kabla ya kuzimika kabisa? Nina wasiwasi mkubwa.

Mama Nuru: Pole sana, mwanangu. Yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya kuoshea vyombo wakati wa harusi ya mpwa wangu, tukaianika juani, na hadi leo mjukuu anaangalia katuni kwayo, ingawa bwana harusi mwenyewe hajarudisha masufuria yangu.

Fundi wa Gerezani: Mchele hauyafikii maji yaliyojificha chini ya vifaa vya bodi, ile sahani ya saketi iliyo ndani ya simu, na vumbi lake huingia kwenye tundu la chaji, hata Apple waliwaonya wateja wao mwaka 2024 wasiutumie. Muda hutegemea yalikuwa maji gani, na kama umeme ulipita wakati bodi ingali na unyevu, kwa sababu umeme ndio unaoharakisha kuliwa kwa shaba. Yalikuwa maji gani, na uliichaji lini?

Mpole wa Temeke: Ni maji ya kawaida tu. Niliichaji asubuhi iliyofuata kwa kuwa nilikuwa nasubiri kupigiwa. Isitoshe, boksi lake limeandikwa IP68, ile alama ya kustahimili vumbi na maji.

Fundi wa Gerezani: Maji ya kawaida ndiyo yapi? Hiyo IP68 hupimwa kwa maji yasiyo na chumvi, simu ikiwa mpya. Gundi ya ukingoni huchakaa, na simu ikishafunguliwa kubadilishwa kioo, usiitegemee tena.

Mpole wa Temeke: Basi ni ya bahari, kule Kigamboni. Ilikuwa mfukoni nilipoingia kuogelea. Kioo kiliwahi kubadilishwa, lakini hilo halihusiani.

Mwalimu Mstaafu: Siku hizi watu huingia baharini na simu! Sisi tulichoogopa kuibiwa ufukweni ni kaptula tu.

Fundi wa Gerezani: Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji yakikauka chumvi hubaki, huvuta unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam unaijua, kwa hiyo kutu huendelea hata pale unapodhani simu imekauka. Izime sasa hivi, ifunguliwe, bodi isafishwe kwa alkoholi ya isopropili. Nimeona za bahari zilizokufa ndani ya siku chache na nyingine zilizofika mwaka. Anayekutajia tarehe anabahatisha. Betri ikivimba, usilale nayo chumba kimoja.

Bwana Hoja: Kwa nini mtu anauliza siku ya kufa badala ya kuuliza tiba?

Mpole wa Temeke: Kwa sababu nimeshamwahidi kijana wa jirani anayekwenda chuo Dodoma. Amenipa nusu ya fedha, nami nimezilipia kodi ya nyumba. Hakuniuliza habari za maji. Ikidumu hata mwezi mmoja mikononi mwake, sioni nitakuwa nimemdhulumu vipi.

Mwalimu Mstaafu: Kuficha kasoro ya bidhaa ni dhuluma, aulize asiulize.

Mama Nuru: Mwambie ukweli, mpunguzie bei. Jirani ndiye atakayekuzika.

Bwana Hoja: Hadithi hii imetungwa. Maji ya kawaida yamegeuka bahari, na jirani ametokea mara tu fundi alipotaja kusafisha bodi. Nashuku Mpole na Fundi ni mtu mmoja anayetafuta wateja.

Fundi wa Gerezani: Sijataja duka wala bei. Ukweli utajulikana kirahisi: Mpole atoe trei ya laini, amulike ndani kwa tochi. Simu nyingi zina kibandiko cheupe humo kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Kikiwa bado cheupe, Bwana Hoja ana haki ya kutilia shaka.

Mpole wa Temeke: Nimemulika. Ni wekundu uliopauka, unaokaribia waridi. Huo nao mnauhesabu kuwa wekundu?