Moyo kwenda mbio: ni ugonjwa mmoja au ni mengi?

Mleta mada, Kongwa

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba kueleweshwa hali ya mama yangu mwenye miaka 61. Wiki iliyopita tulikuwa uani tukipepeta uwele, mara akaweka ungo chini, akashika kifua na kusema moyo unamwenda mbio. Nilipomtazama niliona upindo wa khanga aliyojifunga kifuani ukitikisika kwa kila pigo. Baada ya kama robo saa mapigo hayo ya mbio yalikoma ghafla, akaendelea na kazi. Zahanati ya kwanza walisema ni presha, ya pili wakasema ni mawazo, na majirani wanasema ni upungufu wa damu. Nani yuko sahihi?

Tabibu, Dodoma mjini

Pole sana, na umpe pole mama. Moyo kwenda mbio ni dalili, na nyuma yake huweza kuwa na mambo mengi. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, lakini idadi peke yake haitoshi. Inatupasa kujua mbio hizo zinaanzia wapi. Kwa kawaida moyo huongozwa na kituo kidogo kilichoko katika chumba cha juu cha kulia, ambacho hutoa umeme unaoshuka hadi vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Mtu akiwa na homa, hofu, au upungufu wa damu au wa maji, kituo hicho hicho huongeza kasi taratibu na kuipunguza taratibu, na hapo tunatibu chanzo, si moyo.

Ulichokieleza hakifanani na hicho, kwa sababu kilianza ghafla na kukoma ghafla. Mara nyingi umeme huwa umepata njia ya ziada kati ya vyumba vya juu na vya chini, ukawa unazunguka humo kama bodaboda iliyokosa njia ya kutokea kwenye kipilefti. Mapigo huweza kupita 150 kwa dakika, yakiwa sawasawa. Aina hii humtisha sana mgonjwa lakini aghalabu haiui, na inatibika kwa dawa, au kwa kuiunguza njia hiyo kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja.

Ninayoyahofia zaidi ni mapigo ya kasi yanayoanzia vyumba vya chini, hasa kwa mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo, kwa kuwa yanaweza kugeuka mtetemo usiosukuma damu kabisa. Akizimia, akiumwa kifua au akikosa pumzi wakati wa mbio hizo, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.

Mchangiaji, Kondoa

Mimi ninaishi na aina nyingine, ambayo mapigo yake hayana mpangilio wowote. Vyumba vya juu hutetemeka badala ya kukaza, damu huweza kuganda humo, na bonge likifika kwenye ubongo huleta kiharusi. Ndiyo maana ninatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kupimwa damu mara kwa mara. Chanzo changu ni vali, yaani mlango wa damu ndani ya moyo, iliyoharibiwa na homa ya rumatiki nilipokuwa mtoto. Muuguzi mmoja alinishika mkono chini ya dole gumba, akaniambia nigonge meza kufuata mapigo yangu. Nilishindwa kabisa kujua pigo linalofuata litakuja lini. Mjaribu mama hivyo.

Mleta mada, Kongwa

Nashukuru sana. Jana jioni yalimrudia. Nilihesabu kwa nusu dakika nikapata 84, na meza niliigonga bila kukosea. Jirani anashauri nimbonyeze mshipa wa shingo. Je, ni salama?

Tabibu, Dodoma mjini

Usimbonyeze. Kwa umri wake mshipa huo unaweza kuwa na mafuta yaliyojikusanya ukutani, na kipande kikibanduka huenda moja kwa moja kwenye ubongo.

Umehesabu vizuri: hayo ni mapigo 168 kwa dakika, tena sawasawa. Andika tarehe, saa na muda yaliodumu. Ufahamu pia kwamba ECG, yaani kipimo kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi, ikipigwa wakati moyo umetulia huweza kutoka safi kabisa, na hapo ndipo wagonjwa wengi huambiwa ni mawazo. Ulizeni mapema ni kituo gani cha karibu chenye mashine hiyo, na yakianza tena msisubiri yatulie. Kisha ombeni karatasi yenyewe mje nayo kwa daktari wa moyo hapa Hospitali ya Benjamin Mkapa, kwa sababu ataihitaji kuliko maelezo yangu yote.