Jiko limeganda mafuta, sinki inanuka, na dawa za dukani zinamkohoza mtoto. Msaada wadau

MamaKwisa_Uyole
Habari zenu humu ndani. Nimehamia nyumba ya kupanga huku Uyole, Mbeya, nyumba yenyewe nzuri tu ila jikoni waliotoka nahisi walikuwa wanakaanga chipsi za biashara humohumo, maana ukuta wa nyuma ya jiko una utando wa njano ukiugusa kidole kinanata kama gundi, na vumbi la huku si mnalijua, lote limejishikiza hapo. Sinki nayo na hii baridi ya Julai asubuhi maji yanashuka kwa kusuasua afu harufu inapanda. Sufuria zangu za alumini zimekuwa nyeusi kwa ndani, chini ndo usiseme, masizi matupu, gesi ikiisha huwa napikia mkaa na wakati mwingine kuni.

Shida ni kwamba mtoto wangu wa mwisho ana pumu, nikipuliza tu zile dawa kali za jikoni anaanza kukohoa, kwahiyo nataka vitu vya kawaida, limao, siki, chumvi, majivu, vitu hivyo. Nimeona video mtu anachanganya siki na bekingi soda inatoka povu hilooo anapaka kila mahali. Ni kweli inafanya kazi au ni mbwembwe za video?

Mamantilie_Mwanjelwa
Ugonile dada. Achana na video, wewe una majivu hapo kwenye jiko la mkaa unahangaika na nini. Mimi napikia watu kila siku na sufuria zangu zinang'aa. Chukua majivu ya kuni (ya mkaa yanafaa pia), yachekeche kwanza kwa chujio la chai utoe vile vimchanga na vipande vya mkaa maana hivyo ndo vinachuna sufuria, afu loweka dodoki, chovya kwenye majivu, sugua. Mafuta yanaachia yenyewe utashangaa. Majivu yawe ya kuni au mkaa mtupu lakini, sio ya pale mlipochomea mifuko ya plastiki.

Na masizi ya chini usisubiri yagande. Kabla hujainjika sufuria kwenye kuni, ipake kwa nje sabuni ya mche iliyolowa au tope la majivu, utando mwembamba tu. Ukimaliza kupika ukitia maji masizi yanatoka na ile sabuni, husugui. Bibi zetu walikuwa wanafanya hivyo na sabuni yenyewe ilikuwa ya shida, sijui siku hizi tumepotelea wapi.

Mnyalu_Kihesa
Mama ntilie nakuheshimu ila hapo kwenye alumini umempoteza mwenzio. Majivu na magadi vinaila alumini, ukiacha imelowekwa humo usiku kucha asubuhi unakuta imefifia ina rangi ya kijivu na weusi ndo umezidi. Kwa nje kusugua haraka na kusuuza sawa. Kwa ndani weusi dawa yake ni uchachu: maganda ya malimao mliyokamua tia humo na maji, chemsha taratibu robo saa hivi, mwaga, sugua kidogo na dodoki. Nyanya zilizolainika sana ambazo ungetupa nazo zinafanya kazi hiyohiyo. Hayo maji usiyapikie kitu, mwaga.

Mamantilie_Mwanjelwa
Nani kasema alale na majivu? Nimesema asugue. Watu wa Iringa bwana 😂

Ticha_Tukuyu
Naingilia kidogo maana mnaongea kitu kimoja kwa pande mbili. Kuna uchafu wa namna mbili jikoni. Mafuta yanaondolewa na vitu vya upande wa magadi, yaani majivu, magadi yale ya kulainishia maharage na makande, bekingi soda, sabuni. Maji ya majivu yakikutana na mafuta yanayageuza kidogo kidogo kuwa sabuni, ndo maana mkono unateleza. Halafu kuna chokaa, ule ukoko mweupe kwenye birika, madoa ya kutu na weusi wa alumini, hivyo vinataka uchachu, limao, ndimu, siki, ukwaju hata. Ukipeleka limao kwenye mafuta yaliyoganda utasugua mpaka mkono uume, na ukipeleka bekingi soda kwenye ukoko wa chokaa hola.

Sasa ile video. Siki na bekingi soda ukichanganya kwenye bakuli zinauana, povu ni hewa tu (kaboni dayoksaidi), ikiisha kutoka unabaki na maji yenye chumvichumvi isiyo na nguvu ya siki wala ya soda. Linapendeza machoni basi. Tumia moja, suuza, ndo ulete nyingine kama ipo kazi yake. Na dukani uangalie wasikupe bekingi pauda, ile ya keki ina unga na tindikali tayari ndani yake, kwa usafi haina maana.

Jambo moja la hatari kabisa na hasa una mtoto wa pumu: siki au limao visikutane na jiki, hata kwenye beseni ulilosuuza nusunusu. Inatoka gesi ya klorini, na hiyo inachoma mapafu ya mtu mzima sembuse mtoto.

MamaKwisa_Uyole
Jamani ndaga fijo (asanteni sana), nimepata darasa. Kwahiyo ukuta ni bekingi soda? Umepakwa rangi ya mafuta. Na sakafu ni tarazo ina madoa, nilikuwa nimeshaandaa malimao niimwagie.

Ticha_Tukuyu
Weka malimao chini kwanza! Tarazo na sakafu ya saruji zina chokaa ndani, uchachu unazila, doa litaondoka na mng'ao nao umeaga. Sakafu hiyo ni sabuni ya mche na maji ya uvuguvugu. Ukuta fanya hivi, tambaa lilowe maji ya moto ulikamue, ulibandike ukutani dakika chache mafuta yalegee, ndo upake uji mzito wa bekingi soda na tone la sabuni ya maji, subiri kidogo, futa kwa tambaa laini. Jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Anzia chini upande juu, ukianzia juu michirizi inashuka kwenye uchafu mkavu inaacha mistari.

Fundi_Mbalizi
Nije kwenye sinki. Dada huku kwetu kwa baridi hii mafuta ya nyama ukimwaga yanaganda hata kabla hayajafika kwenye kona ya bomba, hiyo ndo shida yako, siki haitafika huko. Fungua ile kikombe ya chini ya sinki kwa mkono (weka ndoo chini!!), toa uchafu, hapo ndo harufu inakaa. Ukirudishia mwaga maji ya moto yenye magadi kijiko kikubwa. Ila yasiwe yametoka kuchemka sasa hivi, mabomba mengi ya sinki ni plastiki yanalainika na maungio yanaachia, nimeitwa sana kwenye kazi za hivyo. Kuanzia leo mafuta futa na karatasi au unga wa mahindi uliobaki, tupa kwenye taka.

Binti_wa_Makambako
Mmesahau lile tambaa la kufutia meza na sponji ndo vichafu kuliko choo. Chemsheni. Eti kwa sababu ya mwinuko Mbeya maji yanachemka kabla ya nyuzi 100, inatosha kuua wadudu?

Ticha_Tukuyu
Inatosha. Mbeya mjini mita 1,700 hivi maji yanachemka kwenye nyuzi 94 kasoro kidogo au zaidi, dakika tano tambaa limemaliza, lianike juani. Na ubao wa kukatia kuku hapo msiniambie limao limeua vijidudu, siki ya kawaida ina tindikali kama asilimia 5 tu. Ni sabuni na maji ya moto kwanza, chumvi na limao ni ya kutoa harufu ya kitunguu.

Mnyalu_Kihesa
Mama Kwisa na huyo mtoto, jiko la mkaa usiliingize ndani kwa ajili ya joto milango ikiwa imefungwa. Hapo hata usafishe vipi haitamsaidia.

MamaKwisa_Uyole
Hilo nalipikia barazani kaka usijali. Haya na sisimizi je? Wanapanga foleni kutoka dirishani hadi kwenye sukari.

Mamantilie_Mwanjelwa
Sukari kwenye kopo lenye mfuniko, afu ile njia yao ifute na siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Wanafuata harufu waliyoacha wenzao, ukiifuta wanapotea. Rudia wakirudi, watarudi hao.

MamaKwisa_Uyole
Sawa mama. Kesho naanza na ukuta kwa bekingi soda, na majivu ya sufuria nishachekecha.